Mvulana wa Brooklyn na Joka la Sisilia

Kwa muda mrefu niliamini Bobby Fischer alizaliwa akijua chesi. Kipaji tu, basi. Halafu siku moja nikapanga kete ubaoni, nikaucheza upya mchezo wake dhidi ya Bent Larsen, hatua kwa hatua. Imani yangu ikaanza kuyumba.

Ni mwaka 1958, Portorož, mji wa pwani ya Adriatiki uliokuwa Yugoslavia na leo uko Slovenia. Wachezaji 21 wanagombea nafasi sita za kusonga mbele katika safari ya kumkabili bingwa wa dunia. Fischer ana miaka 15. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, akiwa na 14, alitwaa ubingwa wa Marekani. Larsen wa Denmark ana miaka 23, tayari ni grandimasta, na si mtu wa kuogopa mtoto.

Larsen anachagua Sisilia, tena ile kali inayoitwa Dragoni, yaani joka. Hapa hakuna kubembelezana. Mweupe anamficha mfalme upande wa kushoto, mweusi upande wa kulia, kisha kila mmoja anatuma askari kumwinda mfalme wa mwenzake. Ni mbio. Ukichelewa hatua moja, umeisha.

Na Larsen alichelewa. Kwenye hatua ya 15 angeweza kumla askofu wa Fischer kwa farasi, apumue kidogo. Badala yake akasogeza ngome. Baadaye Fischer mwenyewe aliilaumu hatua hiyo. Yaani ushindi huu maarufu ulianza na kosa la mtu mwingine, jambo ambalo mashabiki wake hatupendi kulisema.

Kilichofuata ndicho kinachonipa raha. Askari wa pembeni anapanda hadi h5, safu inafunguka. Askari mwingine anamfukuza farasi anayemlinda mfalme mweusi. Farasi anakimbilia h5, na hapo, hatua ya 22, Fischer anaitoa ngome nzima ili kumla. Ngome kwa farasi! Hesabu ya sokoni inasema ni hasara. Lakini ukuta wa Larsen umebomoka, na hatua ya 31 anasalimu amri.

Ujasiri? Ndiyo. Ila katika kitabu chake cha 1969, Fischer anaeleza kwamba alikuwa ameshinda michezo mingi ya aina hii akicheza kwa kujifurahisha. Njia alikuwa anaijua. Huyu ndiye kijana aliyejifunza Kirusi cha kutosha kusoma majarida ya chesi ya Wasovieti. Tunachokiita muujiza, yeye alikuwa amekirudia mpaka kikawa mazoea.

Portorož ilimpa pointi 12 kati ya 20, tiketi ya kusonga mbele, na cheo cha grandimasta, mdogo kuliko wote waliowahi kukipata hadi wakati huo. Mwaka uliofuata aliacha shule. Mwaka 1972 alikuwa bingwa wa dunia. 1975 akakataa kuutetea ubingwa, akapotea kwenye mashindano kwa karibu miaka 20.

Siku hizi nikimsikia mtu akimsifu mtoto kwa kipaji, naona tunaruka swali muhimu: amekaa saa ngapi peke yake na huo ubao, na nani alikuwa akimwita aje ale?