Dawa Ni Moja, Mlango Si Mmoja

Wengi wetu hapa Birmingham tumewahi kumwona mtu katika duka la dawa akipewa kikombe kidogo chenye maji ya kijani, akanywa mbele ya mfamasia, akaenda zake. Hiyo ni methadoni, dawa ya waliozama katika heroini. Historia yake yafaa tuijue, kwani imefika mpaka nyumbani.

Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya kutuliza maumivu. Walioigeuza kuwa tiba ya uraibu ni madaktari wa New York, Vincent Dole na Bibi Marie Nyswander. Mwaka 1965 walitangaza matokeo ya wagonjwa wao 22 wa kwanza. Dozi moja kwa siku ilitosha kuzuia arosto, na mtu akapata nafasi ya kurudi kazini au shuleni. Lakini wagonjwa wale wote walikuwa wanaume.

Kwetu, heroini iliingia pwani miaka ya 1980. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa Februari 2011, ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Baadaye Kenya na Zanzibar zikafuata. Dawa ilitolewa bure. Hata hivyo, miaka ya mwanzo wanawake hawakufika hata mmoja katika kila wagonjwa kumi. Ni kweli watumiaji wengi ni wanaume, lakini shida ya wanawake haikuwa ndogo: utafiti wa Dar es Salaam ulikuwa umeonyesha kwamba wanawake wanaojidunga waliathirika na VVU kuliko wanaume.

Kwa nini basi hawakuja? Kliniki hutaka mtu afike kila siku. Anayejiuza usiku, asubuhi ndipo kwanza analala. Mwenye mtoto hana wa kumwachia. Nauli pengine iko mkononi mwa mwanamume yule yule anayemletea kete. Na aibu haigawanywi sawa: kijana wa kiume akiwa teja, wazee humwombea dua na kumtafutia tiba, dada yake akiwa teja, jina lake halitajwi tena nyumbani.

Mwili nao una mambo yake. Heroini huwakatizia wanawake wengi hedhi. Wakianza methadoni huweza kurudi, na asiyeambiwa mapema hushtukia ana mimba. Mjamzito naye huogopa kliniki, ilhali kuacha heroini ghafla ni hatari kwa mimba, na methadoni ni miongoni mwa tiba zinazoshauriwa.

Sisi wahandisi, maji yakiwa safi kisimani na mtaa haupati, hatuyalaumu maji, tunakagua bomba. Kwa hiyo tunapoombwa huku mchango wa kumtibu kaka aliyeingia kwenye unga, tuulize na habari za dada. Nauli ya kila siku na mtu wa kukaa na mtoto wake ni sehemu ya tiba.