Landrova ya Bwana Shamba na Viti Vyake Vipya

Ndugu zangu mliosoma pale shuleni katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, hasa ninyi wa mwambao wa ziwa, bila shaka mnaikumbuka Landrova ya kijani iliyokuwa ikifika bwenini siku ya kufunga shule. Masanduku ya bati yalifungwa juu kwa kamba ya katani, sisi tukabanana nyuma kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, na kuanzia Mbinga hadi Mbamba Bay ilikuwa ni vumbi jekundu, kutapika na nyimbo. Wazazi walilipa nauli walivyoweza: debe la mahindi, fungu la samaki wakavu, au ahadi. Mwenye gari alikuwa baba yangu mdogo, bwana shamba, na ahadi nyingine alikufa akiwa bado anazidai.

Baada ya mazishi, wazee wa ukoo waliniachia gari hilo kwa kuwa, walisema, mimi ndiye niliyekuwa nikilipenda. Lilikaa miaka kadhaa chini ya mwembe. Kisha mwezi Oktoba 2024 nilibahatika kuwapo Arusha siku za tamasha la Land Rover, nikaona magari ya umri wa lile letu yakipita yaking'aa ndani na nje kama yametoka kiwandani jana. Nikaona aibu. Niliporudi Dodoma nikaanza kuulizia viti, dashibodi, mazulia ya raba na vitambaa vya milango vinavyotengenezwa siku hizi kwa mfano wa vile vya zamani. Mhariri aliposikia habari hiyo aliniomba niandike historia ya gari lenyewe. Naiandika, ingawa sehemu moja yake hainipendezi mimi mwenyewe.

Yafaa kwanza tukumbuke Land Rover ilizaliwaje. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake katika kisiwa cha Anglesey. Alijiuliza ikichakaa atanunua nini badala yake, na jibu akalitengeneza mwenyewe, akianza na fremu ya Jeep. Gari lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha karibuni, chuma cha pua kikigawiwa kwa vipimo, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aloi ya aluminiamu. Hapo mwanzo turubai, milango, hata mto wa kiti cha abiria, vyote vilikuwa vya ziada, mnunuzi akitaka aongeze fedha. Kwa maneno mengine, gari hili tunaloliona leo kuwa la fahari lilikuwa mtoto wa uhaba. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo, nitalirudia.

Gari la baba mdogo ni la mkondo wa tatu, ule ulioanza mwaka 1971, lenye urefu wa inchi 109 toka ekseli hadi ekseli na injini ya petroli ya lita mbili na robo. Wanaozijua Landrova wataniambia tofauti yake kubwa ndani: ile ya mkondo wa pili ilikuwa na saa zake katikati ya bati tupu, lakini ya mkondo wa tatu ilizihamishia mbele ya dereva, ndani ya dashibodi ya plastiki nyeusi. Plastiki hiyo ndiyo iliyoleta kisa chote hiki, kwani bati hupinda na kunyooshwa, ila plastiki iliyochomwa na jua la miaka kumi hupasuka, na ikishapasuka basi.

Lilifika kwetu mwaka 1974 likiwa gari la serikali, wakati Mbinga ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Songea. Wilaya yetu ilianzishwa mwaka 1976. Kazi yake ilikuwa kupandisha mabwana shamba Umatengo, kwenye milima ya kahawa na mashamba ya ngoro, na kuwateremsha hadi ziwani. Vijana wanaosafiri leo juu ya lami toka Songea hadi Mbamba Bay hawawezi kuelewa mteremko ule ulikuwaje mwezi Machi. Milima ile hupita mita 1,500 na ziwa liko kwenye mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari, na tofauti hiyo yote ilishukwa kwa gia namba moja, dereva akiwa ameuma meno.

Kisha ikaja miaka ambayo kila mwenye umri wa kutosha anaikumbuka. Bei ya mafuta ilipanda toka mwishoni mwa 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa. Mwaka 1978 na 1979 tukapigana na Idi Amin. Fedha za kigeni zikatoweka, na spea zikatoweka nazo. Magari ya serikali yaliwekwa juu ya mawe nchi nzima, likiwamo letu, kuku wakatagia ndani. Baba mdogo alilinunua mnadani mwaka 1986 kwa fedha za kahawa, watu wakamcheka kwamba amenunua banda.

Hakuwa na kiti cha kukalia wala dashibodi. Alichofanya ni kuwaendea mafundi wawili. Wa kwanza, mshona viti wa pale mjini, ambaye sasa ni marehemu, alipewa kazi ya viti vya mbele. Wa pili, seremala, aliambiwa achonge dashibodi ya mninga. Mkoa wetu haukukosa mninga hata katika miaka ile ya kukosa sabuni. Akachonga ubao mmoja mzito, akatoboa matundu mawili ya saa kwa patasi, akaupaka vanishi. Akaongeza na mabenchi mawili ya nyuma, kwa sababu ubao ulibaki. Mabenchi hayo ndiyo mliyoyakalia, ndugu zangu, na baadhi yenu mkachonga majina yenu kwa kalamu ya bikari. Baba mdogo alijua. Alitukemea kwa desturi tu.

Viti vyangu vipya vilitoka Uingereza. Huko kuna viwanda kadhaa, Exmoor Trim kikiwa kimojawapo, vinavyoshona viti na kukata vitambaa vya Landrova za zamani kwa ruwaza ileile, mishono ileile. Hata kampuni yenyewe ya Land Rover, mwaka 2016, ule uliomaliza utengenezaji wa gari la Defender, ilianza kurudisha upya magari 25 ya mkondo wa kwanza na kuyauza kwa matajiri. Ushuru niliolipa bandarini sitautaja. Mtumishi wa serikali akilalamikia kodi huonekana kituko.

Nilichukua likizo Julai 2025. Nao ulikuwa uchaguzi mbaya, kwani Julai ya Mbinga mnaijua. Ngozi ya plastiki ikipata baridi hukakamaa kama ngozi ya ng'ombe isiyolainishwa, na foronya za viti hivi zimekatwa za kubana kabisa ili zisifanye makunyanzi. Fundi alivuta upande mmoja, upande wa pili ukakimbia. Tatizo la pili lilikuwa bolti. Gari zima limefungwa kwa nati za inchi, dukani kuna za milimita, na zile zilizo karibu kulingana ndizo hatari zaidi, maana huingia mizunguko miwili kisha zikala uzi. Tatizo la tatu sikulitarajia: sanduku la bati linalobeba viti, ambalo upande mmoja limefunika tangi la mafuta, lilikuwa limenyooshwa kwa nyundo na kuwekewa viraka mara nyingi hata halikuwa tena na umbo la kiwandani. Kiti kilichotengenezwa kwa kipimo cha Solihull kilikaa juu yake kimeinuka pembeni vidole viwili. Kifaa kilikuwa sahihi, gari ndilo lililokwisha kuwa la Mbinga.

Lakini kabla ya hayo tulikuwa tumevua viti vya zamani, na hapo nilikaa chini. Chini ya kitambaa cha juu palikuwa na gunia la kahawa lililoshonwa kwa mkono, mshono mdogo, wa mtu asiye na haraka. Ndani ya gunia hapakuwa na sponji. Palikuwa na nyavu za nailoni zilizochakaa, zimekunjwa na kufungwa mafungu mafungu zisihame, bado zikiwa na vipande vya boya. Yule mshona viti alikuwa amechukua gunia la milimani na nyavu za ziwani. Kati ya mafungu hayo tuliokota punje za kahawa na senti hamsini, ile ya sungura.

Hilo lingetosha kunifanya nisimame nifikiri. Sikusimama. Likizo ilikuwa inaisha, na macho yangu yalikuwa kwenye maboksi. Nikaagiza dashibodi ya mninga ing'olewe, nikaenda mjini kutafuta bolti za inchi. Niliporudi foronya zote zilikuwa zimeingia, zimekaa vizuri ajabu. Nikauliza wamewezaje. Vijana wa gereji wakasema wamechemsha maji wakazilainisha kwa matambara ya moto. Nikawasifu. Baadaye ndipo nilipotazama mekoni nikaona kipande cha ubao, chenye nusu ya duara la tundu la saa, kikimalizika kuungua. Kuni nyingine zilikuwa mbichi, walisema, na ule ubao mkavu ulikuwa umetupwa.

Sikuwakemea. Aliyesema "ng'oeni" ni mimi, na sikusema "wekeni".

Siku ya pili yake seremala alikuja, baada ya kusikia gari linafufuliwa. Ana zaidi ya miaka themanini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akazunguka gari polepole, akafungua mlango wa dereva, akapapasa plastiki mpya kwa kiganja.

"Imetoka wapi?"

"Uingereza, mzee."

"Wameweza," akasema. Kisha, "Ule ubao wangu uko wapi, mwanangu? Nilitaka mjukuu wangu auone."

Nilimwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akauliza kama uliwaka vizuri. Nikasema uliwaka vizuri. Akacheka, akasema mninga ndivyo ulivyo, na akataka kuonyeshwa mabenchi ya nyuma. Alikaa pale karibu nusu saa akisoma majina yenu kwa vidole, akininung'unikia kwamba vijana wa siku zile hawakuwa na adabu.

Nimeandika hapo juu kwamba Landrova ilizaliwa na uhaba. Basi mimi naona, na atakaye anipinge tutakapokutana, kwamba ule ubao wa mninga na zile nyavu zilikuwa karibu zaidi na fikra ya Wilks kuliko plastiki hii niliyoilipia ushuru. Gari langu sasa linafanana na jinsi lilivyokuwa mwaka 1974, mwaka ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelipanda. Liko starehe zaidi, nakiri. Mgongo wangu wa miaka arobaini na sita unashukuru, na kile kiti kilichoinuka nimekiwekea kipande cha tairi chini yake.

Boksi la mwisho, lenye mito na migongo ya nyuma, sijalifungua. Mabenchi yabaki kama yalivyo, na gunia lile na nyavu zake nimezihifadhi kwa shangazi. Seremala ameniahidi kuchonga dashibodi nyingine kwa mkono wa mjukuu wake, yeye akielekeza, ila hakumbuki vipimo na mimi sina. Kwa hiyo namwomba yeyote kati yenu aliyewahi kupiga picha akiwa amekaa mbele katika Landrova ile, hata ikiwa imefifia, aje nayo siku ya mkutano wetu. Nitaliendesha gari lenyewe hadi pale shuleni, na mwenye jina lake kwenye benchi ataonyeshwa mahali lilipo.