Makinikia, Kishikwambi, Marudio

Mwaka 2017 neno makinikia lilitoka kwenye nyaraka za migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi likaenea nchi nzima. Makontena 277 ya mzigo huo yalikuwa yamezuiwa bandarini Dar es Salaam. Mwezi Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyouchunguza, ilikabidhi ripoti yake, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kahama wakawa wanabishana vijiweni juu ya makinikia. Kabla ya hapo tulisema "mchanga wa dhahabu", jina lililopotosha, kwa sababu mzigo ule ulikuwa na shaba na fedha pia, tena umekwisha kuchenjuliwa kwa hatua ya kwanza. Mzizi wa neno hilo ni makini, sifa ambayo kila mwalimu humtaka mwanafunzi wake awe nayo. Kukusanya mawazo kukawa kukusanya madini. Neno la darasani likashuka mgodini.

Miaka mitano baadaye Kanda ya Ziwa, kama Tanzania yote, ilipokea neno jingine. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, yaani tableti, na ilipokwisha vifaa vile vikagawiwa walimu. Neno lilikuwapo kabla, lakini sasa karani alibisha hodi akiwa nalo mkononi, na mwalimu wa Msalala au Nyang'hwale akatia sahihi kuwa amekabidhiwa kishikwambi. Asili yake haikumshughulisha mtu. Tarakilishi, iliyoundwa kwa ustadi kutokana na tarakimu na akili, ilipata makao katika vitabu vya Kenya, ila huku kwetu ilikuta kompyuta imekwisha kukaa kitini. Chombo na jina lake vikifika pamoja, jina hushika.

Basi vyombo vya kusomea tumevipatia majina, na mengine ni mazuri kweli. Kompyuta mpakato naipenda, maana ndani yake kuna kupakata. TEHAMA imesahaulika kuwa ni kifupisho, imekuwa nomino kamili. Simu janja sina nguvu ya kuipinga tena, lakini "darasa janja" ninalipinga. Ujanja una heshima yake sokoni. Shuleni ni jina la kosa, la yule anayechungulia karatasi ya mwenzake. Darasa liitwe mahiri.

Kinachonisumbua zaidi ni kitendo chenyewe. Mtoto wa Mbogwe anapofungua somo la Baiolojia kwenye simu ya mjomba wake, anafanya nini? Tunasema anasoma mtandaoni. Kusoma ni kitenzi kilichobebeshwa mengi: kutambua maandishi, kuhudhuria shule, kupata shahada, hata chombo kutambua kadi. Ndiyo maana mtu anaweza kusema anasoma lakini simu haisomi laini, na kila mtu akamwelewa. Mtandaoni nako kunatuambia somo limepita wapi tu.

Hii ni desturi ya zamani. Miaka ya 1970 tulikuwa na elimu kwa njia ya posta. Baadaye ikaja elimu masafa, sasa elimu mtandao. Posta, masafa, mtandao: majina yote matatu yanataja barabara, hakuna linalotaja kinachompata msomaji somo likishafika. Ninaloliona tofauti ni huria. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992 na chenye vituo mikoani, Shinyanga na Geita ikiwamo, kilibeba jina linalomhusu mwanafunzi: kwamba yuko huru kusoma akiwa kazini au nyumbani. Istilahi ile ilitungwa na mtu aliyemwaza mwanafunzi kabla ya njia.

Wanafunzi wenyewe hawakusubiri. Wana pindi, yaani kipindi cha somo, wana kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii, na wana madesa, yaani maandishi ya somo yanayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp mradi bando lipo. Desa linastahili kutazamwa kwa makini. Jina ni la msaada, kitenzi ni cha wizi: kudesa ni kunakili kwa mwenzako. Lugha ya vijana imekiona kile ambacho semina zetu huzunguka bila kukisema, kwamba faili linaloingia kwenye simu halijaingia kichwani. Na kuanzia kidato cha kwanza, masomo yanapogeuka Kiingereza, kishikwambi hubaki na jina lake la Kiswahili huku somo lililomo ndani likizungumza lugha nyingine.

Geita kuna neno ambalo watunga istilahi wangepaswa kulifuata hadi mialoni, wachimbaji wadogo wanakosafishia dhahabu. Ni marudio. Jiwe husagwa kwenye karasha, huoshwa, hunaswa kwa zebaki. Mchanga unaobaki hautupwi. Huuzwa, hupelekwa kwenye matangi ya sianidi, na humo hutoka dhahabu iliyokwepa mkono wa kwanza. Mchanga huo ndio marudio. Shuleni marudio ni kupitia upya somo lililokwisha kufundishwa, na hapo ndipo teknolojia hii ina faida isiyo na ubishi. Katika darasa lililofurika, sentensi ya mwalimu ikikupita imekupita. Somo lililorekodiwa husimamishwa, hurudishwa nyuma, husikilizwa tena usiku wakati nyumba imetulia. Kitabu kilichomo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania hufunguliwa tena bila kumwomba mtu. Marudio ya namna hii si kukariri, kwa sababu anayerudia anatafuta kile alichokikosa.

Kitenzi cha marudio hayo tunacho siku nyingi: kudurusu, ndugu wa darasa na madrasa. Vitufe tulivyozoea katika masomo ya mtandaoni vinasema ingia, jisajili, pakua, tuma, na hizo zote ni kazi za chombo. Ningeanza kwa kuweka Durusu, kisha Uliza, kisha Eleza kwa maneno yako. Baraza la Kiswahili la Taifa likitaka watu wa kuyajaribu maneno hayo, liende Nyarugusu na Lwamgasa, kwa wanafunzi wanaoyajua marudio kwa maana zote mbili kabla hawajafika kidato cha kwanza.