Pombe ya Kuingilia Ufundi: Kutoka Mtungi wa Kasiksi hadi Kreti ya Primus

Kinywaji ambacho kijana au wazazi wake humpelekea fundi kabla ya kushika zana ni desturi ya kale kuliko mji wa Goma wenyewe. Siku hizi huonekana katika magereji, mabanda ya maseremala na vyumba vya washonaji kwa sura ya kreti ya bia, na pembeni yake kreti ya sukre, yaani soda, kwa wasiokunywa kileo. Asili yake iko vilimani mwa Kivu, Masisi, Rutshuru, Walungu na ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, penye migomba na vijumba vya wahunzi.

Kasiksi, pombe ya ndizi ambayo upande wa Rwanda huitwa urwagwa, si ngumu kutengeneza, ila inataka subira na mikono ya watu. Ndizi hufukiwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive, humenywa, hukandwa pamoja na nyasi zitoe maji, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa ili maji yale yachachuke. Baada ya siku mbili tatu mtungi huwekwa katikati na watu hunywa kwa mirija. Mwenye mtungi huonja kwanza, wageni watokwe na hofu ya sumu. Kwa watu wasioandikiana, hapo ndipo mapatano yalipofungwa. Iwe mahari, ng'ombe au shamba, neno halikuwa neno mpaka mashahidi wanywe, na aliyekunywa hakuweza kesho yake kusema hakusikia. Mwenye kutaka mwanawe afundishwe na mtu asiye wa ukoo alipita njia hiyohiyo.

Uhunzi ulikuwa na miiko kuliko kazi zote. Kwa kawaida baba alimrithisha mwana, na mtu wa nje aliingia kwa kutoa. Heshima iliyopewa zana zenyewe inaeleza kwa nini. Mmisionari John Roscoe, aliyeandika habari za Bunyoro mwanzoni mwa karne ya 20, alisimulia jinsi mhunzi alivyoipokea nyumbani nyundo mpya kwa sherehe, kama anayeleta bibi harusi. Nchini Rwanda nyundo ilifika hata kwa wafalme: kaburi la Cyirima Rujugira lilipofukuliwa, ndani yake zilikutwa nyundo za chuma. Mahali ambapo nyundo huozwa, kijana hawezi kuokotwa tu njiani na kupewa aishike.

Ukoloni ulikuja kuvuruga mambo ya kileo. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulizuia pombe kali za biashara kuuzwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara, Kongo ya Wabelgiji ikiwemo. Wafanyakazi wakabaki na pombe za kienyeji, na polepole bia ya kiwandani. Kampuni iliyokuja kuitwa Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na bia yake ya kwanza ya Primus ikatoka mwaka 1926. Bukavu ilipata kiwanda chake katika miaka ya 1950, na mwaka 1957 kampuni hiyohiyo ikaanzisha Bralirwa huko Gisenyi, mji uliogusana na Goma.

Chupa ilibadili hesabu. Mtungi ulitoka shambani kwa mwenye mtoto, kwa jasho la jamaa zake. Chupa inanunuliwa dukani kwa fedha taslimu. Mambo kama hayo yaliipata matabishi, ambayo mwanzoni ilikuwa tone la pombe kali walilopewa watu na wafanyabiashara wa Kireno upande wa Bahari ya Atlantiki, ikaishia kuwa fedha ya mkononi Kongo nzima.

Desturi hii si ya Kivu peke yake, na ugomvi wake pia si mpya. Benjamin Franklin, alipofanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha Watts mjini London karibu na mwaka 1725, alikuwa amekwisha kutoa fedha ya kinywaji kwa watu wa mashine. Alipohamishiwa kwa wapanga herufi akadaiwa tena shilingi 5. Akakataa. Kwa wiki mbili tatu herufi zake zilichanganywa na kurasa zake kugeuzwa kila alipotoka, na wenzake wakamsingizia pepo wa kiwanda. Mwishowe alilipa. Togo na Benin, ambako uanagenzi umepangwa vizuri kuliko Kongo, gharama kubwa huja mwishoni: anayehitimu hulipia sherehe ya kufunguliwa kwake, vinywaji vikiwemo, ndipo apewe cheti.

Goma, uanagenzi wa mabandani ulipata nguvu pale njia nyingine zilipoziba. Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza kuchukua biashara za wageni na kuwapa raia. Nyingi zilidorora, na watu wakaishi kwa «Article 15», yaani kila mtu ajitafutie. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, na shule ya ufundi ya Wasalesiani, ITIG, zilifundisha, lakini hazikuweza kupokea kila mtu. Gereji ya uani ikawa shule. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Nyumba za mbao zikapandishwa juu ya mawe meusi, na maseremala wakawa na kazi.

Kwa kawaida mzazi hupatana na patron, yaani mwenye banda, ada na muda, kisha hutoa kinywaji. Kijana huanza kwa kufagia, kuosha vipuri na kutumwa sokoni. Wakubwa wa banda, wala si patron, ndio humwonyesha siri za kazi, kwa hiyo kuwanyima chupa ni kujinyima somo. Akipata fedha yake ya kwanza hudaiwa «kuarose», yaani kuwanywesha wenzake, kama anavyodaiwa aliyenunua pikipiki au kupata diploma. Udugu upo hapo, lakini ni udugu unaomwelemea zaidi mtoto wa mkimbizi kuliko mtoto wa mwenye duka.

Makanisa yameigeuza desturi kuliko serikali ilivyoweza. Wakimbangu wamekatazwa kileo, na Wabaptisti na Wapentekoste wengi wa Goma hawakigusi. Kwao kreti ya sukre inatosha, na fundi aliyeokoka huipokea bila kinyongo. Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002 inataka mkataba wa uanagenzi uandikwe, lakini katika mabanda mengi mapatano bado ni ya mdomo, na mashahidi wake ni walewale waliokunywa.

Vita navyo vimeigusa fedha na kreti yenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, benki zikafungwa na noti zikaadimika. Juni mwaka huohuo Heineken, iliyokuwa ikimiliki Bralima wakati huo, ilitangaza kuwa imepoteza udhibiti wa mitambo yake mashariki mwa Kongo na kuwaondoa wafanyakazi wake.