Nahodha Aondokapo: Habari ya Vyombo Viwili vya Tanganyika

Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo ina kweli yake, nayo imetumika mara nyingi kutetea mamlaka ya mtu mmoja katika kazi kubwa. Lakini wahenga hawakutuambia chombo huwaje pale nahodha awapo mmoja tu, tena mwenye kuona mbali kuliko wenzake wote, halafu siku moja akashuka pwani asirudi tena. Hilo ndilo swali la insha hii.

Swali lenyewe si geni duniani. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple huko Marekani, aliiacha kampuni hiyo mwaka 1985 baada ya kushindana na wakuu wenzake. Baadaye kampuni iliyumba hata ikakaribia kufilisika. Jobs akarudi mwaka 1997, akaiinua. Alipofariki Oktoba 2011 wengi walitabiri kwamba itaanguka mara ya pili. Haikuanguka, bali chini ya Tim Cook ilizidi kutajirika, na ubishi uliobaki ni kama utajiri ule ulikuwa matunda ya mawazo mapya, au mavuno tu ya mbegu alizozipanda marehemu.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba mambo haya ni ya miji ya ng'ambo peke yake. Pwani ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji hata Kigoma, imekwisha kuyaona zamani, wakati ambapo ufundi mpya wa dunia ulikuwa ni chuma na mvuke. Yapo masimulizi ya vyombo viwili katika ziwa hili, ambavyo vikiwekwa kando kwa kando vyatufundisha jambo ambalo kimoja peke yake hakiwezi kutufundisha.

Yatupasa kwanza tukumbuke kwamba ziwa halikuwa tupu likingojea wageni. Miti mikubwa ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, ilichongwa ikawa mitumbwi, nayo ikavushwa na kuuzwa Ujiji. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikuja na ujuzi wa tanga. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 hawakuwa na chombo cha maana cha kuwapeleka ziwani, na Speke alilazimika kuvuka kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake, akarudi bila ya kulipata. Basi mgeni ndiye aliyekuwa mhitaji, na mwenyeji ndiye aliyekuwa na chombo.

Katika hali hiyo aliingia Edward Coode Hore. Alikuwa baharia Mwingereza mwenye ujuzi wa unahodha, aliyeajiriwa na Chama cha Wamisionari cha London. Chama hicho kilikuwa kimepewa pauni 5,000 na tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, ili kifungue kazi katika Tanganyika. Hore aliwasili Ujiji Agosti 1878 pamoja na J. B. Thomson, na mwezi uliofuata Thomson akafariki. Mwaka 1879 akafika Arthur Dodgshun, naye akafa mara baada ya kuwasili. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Dakta Mullens, katibu wa chama aliyetoka London kuja kuwatia moyo, alifia njiani katika nchi ya Usagara. Mtu mwingine angalikata tamaa. Hore alitazama maji.

Fikira yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitimiza. Aliona kwamba ziwa lile, ambalo urefu wake wapita kilomita 600, si kizuizi bali ni njia. Mwenye chombo imara angeweza kuziunganisha nchi zote zilizolizunguka, akafanya kwa siku chache safari ambayo kwa miguu ingekula miezi. Alianza na chombo cha wenyeji, akakitengeneza kwa tanga na makasia, akakiita Calabash, yaani Kibuyu. Kwa chombo hicho alizunguka pwani, akapima, akachora, akauliza majina. Swali la mto Lukuga, kama watoka ziwani au hautoki, lilikuwa limewagawa wasafiri: Cameron aliufikia mwaka 1874 akasema ndio mlango wa ziwa, na Stanley aliyekuja mwaka 1876 akaona bado maji hayajapata njia. Hore alikwenda mwaka 1879 akaukuta unakwenda kwa nguvu kuelekea magharibi. Tena aliokota makombe na konokono, akawapeleka kwa wataalamu wa London, na mmoja wao hata leo huitwa Tiphobia horei kwa jina lake.

Baada ya hayo ikaja kazi ya chuma. Mashua ya chuma iitwayo Morning Star ilivutwa na watu vipande vipande kutoka pwani ya bahari, ikafika Ujiji mwaka 1883. Meli ya mvuke, Good News, maana yake Habari Njema, ililetwa kwa njia nyingine, kwa Zambezi na Shire na Ziwa Nyasa, kisha ikapandishwa nchi kavu mpaka ncha ya kusini ya Tanganyika. Huko fundi James Roxburgh aliiunganisha, ikaingizwa majini Machi 1885, na miezi michache baadaye Roxburgh naye akafa. Ilibidi aje fundi mwingine, Alexander Carson, ndipo mitambo itiwe. Makao ya kazi ya majini yaliwekwa katika kisiwa cha Kavala karibu na pwani ya magharibi, na Ujiji ikaachwa. Hore alimleta hata mkewe, Annie, na mtoto wao mdogo; mama yule alifika ziwani mapema mwaka 1885 akiwa amechukuliwa katika kiti, na habari za safari hiyo akaziandikia kitabu.

Kwa lugha ya siku zetu twaweza kuiita kazi hii kampuni ya ufundi mpya. Ilikuwa na mwenye mali, na wakurugenzi wa mbali, na mitambo ambayo haijapata kuonekana mahali pale. Tena ilikuwa na mtu mmoja ambaye shauri lote limo kichwani mwake. Mwaka 1888 mtu huyo aliondoka ziwani, asirudi tena katika kazi ile.

Kilichofuata hakikuwa maangamizi ya siku moja. Meli haikuzama. Alfred Swann, baharia aliyekuja kumsaidia Hore, aliushika usukani, na kwa muda kazi iliendelea. Lakini shauri lilikuwa limekwisha kuhama. Wamisionari walizidi kujenga katika nyanda za kusini, nchi ambayo leo ni Zambia, kwenye hewa iliyo afadhali, nao waliitazama meli kama gharama na si kama njia. Swann mwenyewe baada ya miaka michache akaingia katika utumishi wa serikali ya Kiingereza huko Nyasa. Mwishowe, katika miaka ya 1890, Good News ikauzwa.

Msomaji wa haki atauliza: je, tumlaumu Hore kwa kuondoka, au yako mambo mengine? Hapana shaka mengine yapo. Vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889 viliitia hatarini njia ya pwani. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya Julai 1890 yaliiweka pwani ya mashariki ya ziwa mikononi mwa Wajerumani, na ile ya magharibi ilikuwa ya Dola ya Kongo, hata Waingereza wakabakiwa na ncha ya kusini tu. Ziwa ambalo Hore aliliona kuwa njia moja lilikwisha kukatwa na mipaka. Hata kama angalibaki, pengine angalishindwa.

Lakini hoja hiyo haitoshi. Mambo ya nje huivunja nyumba upesi zaidi pale nguzo inapokuwa moja. Katika miaka 10 ya kazi, shauri la ziwa zima lilikuwa la Hore, na wenzake walilifuata kwa sababu yeye alikuwapo kuwashawishi. Wenyeji waliovuta makasia, waliobeba mabamba ya chuma, waliomwonyesha miamba na pepo, walikuwa katika kazi hiyo wafanyakazi wa ujira, hawakuwa warithi. Yaliyosalia ya Hore ni yale aliyoyatoa kichwani akayaweka mahali ambapo wengine wangeweza kuyachukua: ramani, vipimo, kitabu alichokitoa mwaka 1892, na jina la konokono. Chombo chenyewe, kilichohitaji awepo, kilimfuata.

Sasa tukitazame chombo cha pili. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli yenye urefu wa zaidi ya mita 70, kikaifungua tena, kikaitia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalipitia Dar es Salaam, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ndiyo iliyoyafikisha ziwani. Mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na wafanyakazi wengi wa Kiafrika na wa Kihindi, waliiunganisha upya hapo Kigoma, na ikaingizwa majini Februari 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Goetzen. Haikupata raha ndefu, kwa kuwa Julai 1916, Wajerumani walipoona kwamba Kigoma haishikiki tena, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi.

Hapa pana jambo dogo ambalo naliona kuwa kiini cha habari yote. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Walijua kwamba wao wanaondoka. Hawakujua nani atakayeiokota, wala kama atakuwa rafiki au adui. Hata hivyo waliifunga mashine kwa namna ya mtu amwekeaye mwingine.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado yafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hili, nalo Livingstone alikuwa amelisikia katika pwani ya kusini. Tangu hapo imebadili mabwana kama nyumba ya kupanga. Ilikuwa ya reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 ikawa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 ikawa ya shirika la reli la Tanzania, na baadaye ya kampuni ya umma ya huduma za meli. Mvuke ulitolewa, dizeli ikatiwa. Mwaka 1997 iliwarudisha maelfu ya wakimbizi Zaire, na Mei 2015 iliwachukua Warundi waliojazana pwani ya Kagunga ikawafikisha Kigoma.

Nani alikuwa mwenye maono ya Liemba? Hakuna awezaye kujibu kwa jina moja. Wakubwa waliotaka itengenezwe walikuwa na nia ya kutawala, na nia hiyo ilikufa ikiwa mbichi. Kilichoiweka meli hai ni mahitaji ya pwani yenyewe: mwanamke mwenye magunia ya dagaa, mfanyabiashara wa Kasanga, msafiri wa Mpulungu, na mitumbwi inayotoka vijiji visivyo na gati ikaifuata meli kwenye kina kirefu ili kupakia watu na mizigo. Kiliiweka hai pia kizazi baada ya kizazi cha mabaharia na mafundi wa chumba cha mashine, ambao kila mmoja alifundishwa na aliyemtangulia. Majina ya Rüter na wenzake yameandikwa; ya hawa wengi hayakuandikwa, na wanafunzi wa historia wana deni kwao.

Hata hivyo nisiisifu Liemba kupita kadiri. Chombo kisicho na mwenye maono chaweza kudumu, lakini kudumu si kusonga mbele. Kwa karibu miaka 100 pwani ya Kigoma iliitegemea meli ileile, ikatiwa viraka na kubadilishwa mashine, pasipo mtu wa kusimama na kusema, kama Hore alivyosema, kwamba ziwa hili lastahili kuwazwa upya lote. Na ilipofika mwisho wa miaka ya 2010 meli ikasimama ikingojea matengenezo makubwa, vijiji vingi vilirudi kuitegemea mitumbwi, kama Speke mwaka 1858.

Basi vyombo hivi viwili vyatoa ushahidi wa kuhitimishana. Good News ilikuwa na mwonaji bila ya warithi. Liemba imekuwa na warithi bila ya mwonaji. Ya kwanza ilikwenda mbali upesi ikakatika. Ya pili imedumu sana ikazeeka mahali pamoja. Taifa linaloanzisha mashirika, viwanda na vyuo halina budi kuuliza mambo mawili pamoja na si moja moja: nani aonaye mbali, na nani anayefundishwa leo ili kesho ashike. Kiongozi ambaye kuondoka kwake huivunja kazi hajaikamilisha kazi yake, hata akiwa mkubwa namna gani. Na wale wanaobaki, wakiitunza mashine tu bila ya kuuliza iendako, hawajaupokea urithi wao wote.

Mafuta yale yaliyopakwa mwaka 1916 yalitosha kwa miaka 8 chini ya maji. Wapakaji walijua kwamba hawatakuwapo, na kwa kujua hivyo ndipo walipofanya kazi iliyomfaa mwingine.