Mahakama ikikosea utaratibu, mfungwa anaachiwa?

Si lazima. Nchini Tanzania, kosa dogo la utaratibu halifuti hukumu kama halijamnyima mtu haki. Lakini likigusa mzizi wa kesi, Mahakama ya Rufani hubatilisha mwenendo mzima, hukumu na adhabu. Ndivyo zilivyofutwa kesi nyingi za mauaji ambazo jaji hakuwafafanulia wazee wa baraza hoja muhimu za sheria.

Hapo kifungo kinakosa msingi, ila mlango wa gereza haufunguki wenyewe. Mahakama ina njia mbili: kuamuru kesi isikilizwe upya, au kumwachia mhusika.

Mwongozo unatoka kwenye kesi ya Fatehali Manji, iliyoamuliwa 1966 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: kesi isirudiwe ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi, wala pale ambapo kurudia kutamwonea mshtakiwa.

Kesi ya mauaji ikirudishwa, mtu hubaki ndani, safari hii kama mahabusu. Ndiyo maana kwenye rufaa haitoshi kuonyesha kosa la mahakama. Udhaifu wa ushahidi na miaka aliyokwishakaa gerezani navyo visemwe.