Hawala na Udugu: Safari ya Zawadi hadi Handeni

Neno hawala limo katika Kiswahili tangu zamani, nalo latokana na Kiarabu. Asili yake ni kuhamisha: mtu mwenye deni humwelekeza mdai wake kwa mtu mwingine, na huyo hulipa badala yake. Katika matumizi ya kila siku hawala ni fedha ipelekwayo mbali bila ya kusafiri yenyewe, na wazee wetu wengi waliijua hawala ya posta kabla ya kuijua benki. Maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati. Zawadi ikiwa mkononi mwa mtoaji ni zawadi, na ikifika mkononi mwa mpokeaji ni zawadi. Lakini baina ya mikono hiyo miwili husafiri kama deni. Insha hii yakusudia kulitazama jambo hilo katika historia ya Handeni, ambako watu waliwahi kupelekwa mbali kwa ajili ya deni, na ambako leo wajukuu wa watu hao hungojea zawadi kutoka ng'ambo.

Wazigua ni miongoni mwa makabila ya mashariki ya Tanzania ambayo kwa desturi ya kale yalihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya wapwa wake. Wakati wa njaa mtu aliweza kuwekwa rehani kwa mwenye chakula, kwa matumaini ya kukombolewa mvua zikirudi. Rehani hiyo ilikuwa chungu, lakini ilikuwa na mpaka wake: aliyewekwa hakuacha kuwa mtoto wa watu, na jamaa zake walijua alipo. Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliiingia nchi ya Uzigua, na njaa yake ikakutana na biashara ya watumwa ya pwani. Masimulizi ya Wazigula wa Somalia yasema kwamba babu zao waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapakiwa majahazini, wakajikuta wameuzwa Barawa na katika miji mingine ya pwani ya Benadiri. Hapo rehani ikapoteza mpaka wake. Deni la pishi chache za nafaka likawa deni lisilolipika, kwa maana mkombozi, hata akiwa na mali, hakujua aende wapi.

Wengi wao hawakukubali kufia utumwani. Walitoroka wakaingia misitu ya bonde la Mto Juba, nchi iitwayo Gosha, wakalima na kujilinda huko. Masimulizi yao yamtaja mwanamke mmoja, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza katika safari wakitafuta njia ya kurudi kwao. Njia hawakuipata, lugha waliihifadhi. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, Kizigula kilikuwa kingali kikisemwa kando ya Juba, nacho kikisikiwa na mtu wa Handeni bila ya mkalimani. Hayo ni mambo ya kustaajabisha, kwa kuwa katika muda huo mrefu pande hizo mbili zilikuwa zimetengana.

Wakati huohuo nchi waliyoiacha nyuma ilijifunza aina nyingine ya safari. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake. Nchi iliyokuwa ikitoa watu ikawa inapokea vibarua kutoka Ruanda-Urundi, Nyasaland na Msumbiji. Na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandika vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kibarua aliyetaka kumpelekea mama yake fedha alikuwa na njia mbili: kumpa amana mwenzake arudiye nyumbani, au kwenda posta kukata hawala. Njia ya kwanza ilitaka udugu. Ya pili ilitaka jina lililoandikwa sawasawa. Karani wa posta hakuuliza fulani ni nani kwako. Aliuliza jina lake na mahali akaapo. Tofauti hiyo, ijapokuwa yaonekana ndogo, ndiyo inayotawala habari zote zifuatazo.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wazigula wa Juba walinyang'anywa chakula na mashamba, wakakimbia. Baadhi yao walikuja Tanzania wakisema kwamba wanarudi kwao, nao wakapewa makazi wilayani Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo. Kufikia mwaka 2014 zaidi ya 1,000 walikuwa wamepata uraia wa Tanzania. Wengine walikaa miaka mingi katika makambi ya Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ilipokea zaidi ya 10,000 wa jamii hiyo ya Wabantu wa Somalia, wakatawanyika katika miji mingi. Baadhi yao wakahamia Lewiston, jimboni Maine. Hivyo jamaa moja ikawa na watu katika nchi tatu au nne, na zawadi ikawa na safari ndefu kuliko ile ya jahazi.

Namna ya safari hiyo ni hii. Mtu wa Lewiston humpa wakala dola zake pamoja na ada. Wakala humpasha habari mwenzake wa Afrika, naye hutoa fedha zake mwenyewe amlipe mpokeaji. Hakuna noti hata moja iliyovuka bahari. Kilichovuka ni neno, na baina ya mawakala wawili limebaki deni watakalolisawazisha baadaye kwa bidhaa au kwa benki. Kazi yote yasimama juu ya uaminifu wa watu wanaojuana.

Lakini serikali haziamini kisichoandikwa. Mwezi wa Novemba 2001 Marekani ilizifunga ofisi za Al-Barakaat, kampuni kubwa ya hawala ya Wasomali, kwa tuhuma za kusaidia ugaidi. Mwaka 2004 taarifa ya wachunguzi wa tume ya mashambulio ya Septemba 11 ilieleza kwamba tuhuma hizo hazikuthibitishwa. Hata hivyo, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, na walioumia kwanza ni wale waliokuwa wakingojea fedha ya chakula. Tangu hapo kila hawala yataka vitambulisho zaidi. Nchini Tanzania, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2008 na kuifikisha fedha hadi kijijini, laini za simu ambazo hazikuandikishwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Mkimbizi asiye na kitambulisho kinachokubaliwa huenda akalazimika kutumia laini ya mwingine. Basi aliye ndugu kwa damu huwa si mpokeaji kwa sheria, na mpokeaji kwa sheria huenda asiwe ndugu. Hapo zawadi hurudi kutegemea kitu kilekile cha kale, yaani amana.

Yupo atakayesema kwamba zawadi hizi nazo ni deni, na hakukosea kabisa. Mtoaji mara nyingi ni mtu wa mshahara mdogo, mwenye kodi ya nyumba na watoto wa kulisha. Simu ya nyumbani ikilia, moyo wake huingiwa na furaha na hofu pamoja. Wazee husema fimbo ya mbali haiui nyoka, naye hutakiwa aue nyoka kila mwezi. Lakini deni hili si la namna ya lile la miaka ya 1830. Lile lilimtoa mtu katika ukoo na kufuta njia ya kumfuata. Hili lamrudisha katika hesabu ya ukoo, hata akiwa Maine. Kilichopotea katika njaa ile hakikuwa nafaka tu. Ilipotea habari ya nani yuko wapi. Zawadi ifikapo Chogo, kabla haijanunua unga wala daftari, imekwisha kusema kwamba mtoaji anajua jamaa zake walipo. Watungao sheria za fedha wana haki ya kuulinda umma, lakini wakumbuke kwamba katika kila hawala wanayoizuia, pamoja na fedha, huzuia na salamu hiyo.